Mwalimu wa serikali, bao la kete, na kipindi cha Sanaa na Michezo kinachoibiwa kila wiki

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, wilaya ya Mkuranga, mkoa wa Pwani. Nafundisha darasa la tatu na la tano. Uzi huu umetokana na swali ninaloulizwa karibu kila ninapojitambulisha: "Ticha, ukitoka kazini unafanya nini?"

Anayeuliza huwa ameshajijibu mwenyewe. Anategemea niseme tuisheni, au nina bodaboda niliyomkabidhi kijana aniletee hesabu, au nahangaika kutafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Nikimwambia nacheza bao, ananishusha na kunipandisha.

Basi niseme wazi. Nacheza bao la kete. Nina matuta ya mchicha na matembele nyuma ya nyumba. Jumapili nikiamka na nguvu natoa baiskeli, naelekea upande wa Kisiju kuiona bahari. Hakuna hata kimoja hapo kinachoniingizia hela ya maana. Mchicha wenyewe nusu unaliwa na majirani, na hawaombi.

Sasa hoja. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta somo la Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu. Lina muhtasari wake, limo kwenye ratiba. Lakini pita kwenye madarasa saa ya kipindi hicho uone. Mara nyingi utakuta ubaoni wanafanya hesabu za sehemu au wanachambua sentensi za Kiingereza. Mwenye Hisabati "ameazima" kipindi. Huku kuazima hakuna kurudisha. Waliosoma miaka ya 2000 wanakumbuka Haiba na Michezo: ratibani ilikuwepo, uwanjani hukuiona.

Na si uvivu. Mtihani una mkono wake hapa. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa tangu matokeo ya Januari 2023, na mimi niliwapongeza. Huku chini, ngazi ya kata na halmashauri, orodha za nani wa kwanza na nani wa mwisho bado zinatembea kwenye magrupu ya simu. Mwalimu mkuu akiitwa kikao cha tathmini haulizwi ni watoto wangapi wanaweza kupiga ngoma wala kuchora ramani ya kijiji chao. Anaulizwa ufaulu.

Linaloniuma zaidi linatuhusu sisi wenyewe walimu. Hatuna cha kuwapa. Mwalimu asiyeimba, asiyechora, asiyesuka, asiyecheza chochote kwa kupenda, umpe kipindi cha sanaa atafanyaje? Ataandika ubaoni "Maana ya sanaa", chini yake "Aina za sanaa", watoto wanakili, kengele inalia. Dakika 40 za sanaa zimeisha na hakuna mtoto aliyenyanyuka kwenye dawati.

Ndiyo maana siioni hobi ya mwalimu kama anasa yake binafsi. Ni zana ya kufundishia, sawa na manila na rula.

Nawasilisha. Wenye mawe karibuni.

#2 Mzazi wa Mbagala

Mwalimu nakuheshimu, ila hapa umeteleza. Mwanangu yuko darasa la tano. Hao ndio watakaomaliza shule ya msingi wakiwa darasa la sita kwa mtaala mpya mwaka 2027, mwaka uleule na darasa la saba la mtaala wa zamani. Madarasa mawili yanatoka kwa mpigo na yanaingia kidato cha kwanza 2028 kwa mpigo. Vyumba vitagombewa, madawati yatagombewa, walimu wenyewe watagombewa. Halafu wewe unaniletea habari za kete?

Mimi naamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa chapati ili nilipe tuisheni. Mfundishe Hisabati na Kiingereza. Hobi atajitafutia akishapata kazi.

#3 Mwalimu, Kanda ya Ziwa

Mleta uzi unaongea kama mtu mwenye watoto thelathini. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 45. Mkondo wangu mmoja umepita mia, na ninayo mikondo miwili. Nikimaliza madaftari kuna andalio la somo, kuna azimio la kazi, kuna zamu, na usiku mtandao ukitulia ndiyo nijaze kazi zangu kwenye mfumo. Hobi yangu ni usingizi. Sitanii.

Tukija kwenye fedha, ruzuku ya uendeshaji shule ya msingi inapigwa kwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mpira mmoja wa kueleweka unameza ya mtoto mmoja na bado unadai. Humohumo kuna chaki, ukarabati na karatasi za mitihani. Hao watoto wachezee nini?

#4 Msomaji

Ngoja waje maprofesa wa bao. Nipo pale nimekaa.

#5 Mleta uzi

Mama wa Mbagala, nimekusoma na sijakasirika. Hofu yako ya 2027 ni ya kweli, hata sisi tunaizungumza ofisini. Lakini kaa nami kidogo nikuonyeshe kinachofanyika kwenye hizo kete, kisha uniambie kama huko siko kwenye Hisabati.

Bao lina mashimo 32: safu nne, kila safu mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili, yaani mashimo 16, na kete 32. Mwanzoni unaweka kete sita kwenye nyumba, lile shimo lako maalum la safu ya mbele, halafu mbili na mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata. Zilizobaki unazishika. Swali langu la kwanza kwa darasa la tatu: mkononi umebaki na ngapi? Ubaoni swali hilo lina mistari mitatu na nusu ya darasa inalala. Kwenye bao wanapigana kujibu. Ni 22.

Halafu unaanza kunamua, yaani kuingiza zile za mkononi mojamoja kila zamu. Hutupi kete popote. Unaiweka kwenye shimo lako la safu ya mbele ambalo tayari lina kete, na mbele yake shimo la mwenzako nalo liwe na kete. Unakula zile zake, unazipanda mojamoja kuanzia kichwani, shimo la pembeni kabisa la safu yako ya mbele. Ya mwisho ikitua kwenye shimo lenye kete, na mbele yake mwenzako ana kete, unakula tena na safari inaendelea. Kwa hiyo kabla mtoto hajagusa kitu namuuliza: ukila hizo tano ukaanzia kichwa cha kushoto, ya mwisho itatua wapi?

Mkifika kwenye mtaji, yaani za mkononi zimeisha na mnacheza zilizomo mashimoni, ndiyo utamu. Nimepewa kete 12 kwenye shimo la tano, mzunguko wangu una mashimo 16, ya mwisho itaishia wapi? Mtoto anayejibu "la kwanza" kabla hujamaliza kuuliza amejumlisha tano na kumi na mbili, akaona imepita kumi na sita, akazitoa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Hesabu za namna hiyo vitabuni anakutana nazo miaka mingi mbele, zikiwa zimevaa suti.

Nina kijana mmoja wa darasa la tatu ambaye daftari lake la Hisabati ni wino mwekundu mtupu. Siku moja alikaa mbele ya bao, ncha ya ulimi imetoka pembeni mwa mdomo, kidole kinatembea hewani juu ya mashimo bila kushika kete hata moja. Mimi nilikuwa nimeshaona pa kumkamatia, nikawa namsubiri aingie. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, nikizipandia huku utanila nyumba." Na kweli ningemla. Ameona mwendo wake, ameona na wa kwangu utakaofuata.

Sisemi wiki iliyofuata alipata mia kwa mia. Bado anakosa. Lakini sasa najua kuhesabu anakujua, kinachomshinda ni kusoma swali lililoandikwa. Nimeacha kumwongezea hesabu, nimemrudisha kwenye kusoma. Mama wa Mbagala, hilo tuisheni ingekwambia? Ingemwongezea hesabu.

Mwalimu wa Kanda ya Ziwa, la fedha nakubaliana nawe mia kwa mia na sitalitetea. Bao ndiyo mchezo wa maskini. Hatuna ubao wa bao hata mmoja. Tunachimba mashimo ardhini chini ya mikorosho: mabao kumi na mawili, watoto wanane kwa kila moja. Wawili wanacheza, sita ni waamuzi. Kazi ya mwamuzi ni kusema kete ya mwisho itatua wapi kabla haijatua. Akikosea anasimama, mwingine anachukua. Hapo wanaofikiri zaidi ni wale sita. Kete ni komwe, na zikipungua tunaokota kokoto.

#6 Mwalimu mstaafu, Songea

Marahaba kwa mlioamkia, na kwa ambao hamkuamkia pia.

Wanangu, haya mambo tumeyapitia. Mimi niliingia darasani wakati wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974, walimu wanatafutwa kwa tochi. Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imeshatangazwa tangu 1967 na kila shule ilikuwa na shamba. Wazo zuri sana. Mtoto ajifunze kwa mikono, asidharau jembe. Baada ya miaka michache tukafanyaje? Mtoto amechelewa namba, shambani. Amepiga kelele, shambani. Hajaja na fagio, shambani. Jembe likawa fimbo. Wapo watu wazima leo, wana vyeo, wakiona shamba wanaona adhabu.

Kwa hiyo kijana wa Mkuranga nakuunga mkono, ila nakupa angalizo. Bao lako lisije likapewa maksi. Siku mtoto atakapoandikiwa "dhaifu" kwa kushindwa kulinda nyumba, mmeua mchezo na somo pia.

Na huyo aliyesema kwa kejeli "maprofesa wa bao" ajue kwamba Mwalimu Nyerere alifundisha shule ya Pugu mpaka alipojiuzulu 1955 kwa ajili ya siasa, na bao alilipenda maisha yake yote. Hakuwa mtu asiye na kazi.

#7 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Angalizo nimelipokea kwa mikono miwili.

La shamba umenigusa, maana nina bustani. Sheria yangu ni moja: mwanafunzi hakanyagi bustani yangu, hata akiomba mwenyewe. Shuleni kila kundi lina tuta lake. Mchicha ukifika wiki tatu, nne, wanang'oa wanagawana, unakwenda nyumbani kwao. Hakuna jani linaloingia ofisini. Wazazi wa hapa hawakuamini mpaka walipoona watoto wanarudi na mafungu. Tangu hapo maji ya kumwagilia hatuombi, wanabeba wenyewe kwenye vidumu.

Kuna aliyeniuliza faragha msimamo wangu kuhusu viboko, nimjibu hapahapa. Kanuni za 2002 zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Anayetembea na fimbo darasani kutwa nzima yuko nje ya kanuni. Kwangu mimi hata hivyo vinne havijawahi kumfundisha mtu kusoma. Tuendelee na mada.

#8 Msomaji wa Nakuru

Hamjambo ndugu zetu. Mimi ni mzazi huku Kenya, nimeingia tu kuwatahadharisha.

Sisi mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa 2019 kwenye gredi za chini. Kundi lile la kwanza limeingia sekondari ya juu Januari 2026, na kuna mkondo mzima wa sanaa na sayansi ya michezo, mtoto anaruhusiwa kuuchagua. Kwa karatasi ni jambo la kupongezwa, sibishi. Lakini miaka hiyo yote ya chini, saa tano za usiku ni mzazi aliyekuwa anakata maboksi na kuyagundisha, mtoto amelala fofofo. Asubuhi "mradi wa mtoto" unapelekwa shule na bodaboda ili usivunjike. Kisha unaambiwa kesho uje na rangi, keshokutwa ngozi, wiki ijayo kuku. Mama fulani mtaani kwetu aliuliza kwenye mkutano wa wazazi kama yeye pia atapewa cheti. Watu walicheka, mwalimu hakucheka.

Mwalimu wa Mkuranga ametumia mashimo ya chini na kokoto. Shikilieni hapohapo. Somo likianza kuja na orodha ya kununua, mtoto wa asiye nacho ndiye wa kwanza kulichukia.

#9 Mzazi wa Mbagala

Nimesoma yote. Mwalimu, sijageuka, nisikudanganye. Tuisheni ya mwanangu haiachwi mpaka 2027 ipite. Ila hilo la kujua mtoto anashindwa kuhesabu au anashindwa kusoma swali limenikaa. Wangu naye ukimuuliza kwa mdomo chenji ya chapati sita kwa noti ya elfu tano anakupa hapohapo, wala hababaiki. Kwenye karatasi anapata tatu kati ya kumi. Nilikuwa nadhani anafanya makusudi.

#10 Mleta uzi

Mama, mtoto anayerudisha chenji hana tatizo la kutoa. Jioni mpe swali moja tu la maneno, asome kwa sauti, kisha akueleze kwa maneno yake amesikia nini. Usimwambie akokotoe. Akishindwa kukueleza, umeugundua ugonjwa. Na huyo mwalimu wake wa tuisheni mwambie hivyohivyo, maana analipwa kwa jasho lako.

#11 Mwalimu, Kanda ya Ziwa

Sawa, kete nimezikubali. Swali la muda umelikwepa. Nani anasahihisha wakati wewe uko chini ya mkorosho? Mimi si kwamba sikuwahi kuwa na mambo yangu. Chuoni nilikuwa napiga gitaa kwenye kwaya. Lipo juu ya kabati, nyuzi mbili zimekatika, na duka la nyuzi liko mjini.

#12 Mleta uzi

Sijalikwepa, nilikuwa sina jibu zuri, na nililonalo si zuri sana. Nimepunguza hesabu. Zamani nilikuwa natoa maswali kumi kwa kila mtoto kila kipindi kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na daftari lililojaa linamfurahisha kila anayelikagua. Sasa natoa manne, magumu kidogo kuliko yale. Wanabadilishana madaftari, tunasahihisha pamoja ubaoni, mimi napitia ya wale tu ninaowatilia shaka. Kuna aliyenikagua akasema madaftari ya darasa langu ni mepesi. Nilimwomba amwite mtoto yeyote ampe swali. Hakuwa na muda.

Hiyo haitibu mkondo wa mia. Mkondo wa mia dawa yake ni ajira za walimu, basi, na hilo liko juu ya uwezo wangu na wako. Tusidanganyane kwamba hobi inaziba pengo hilo.

Lakini kuna saa moja ambayo tayari tunayo. Vile vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunakaa sisi kwa sisi shuleni. Mara nyingi tunasomeana moduli mpaka watu wanasinzia. Kwetu tumekubaliana kimoja kwa mwezi kiwe cha mwalimu kuwafundisha wenzake anachokijua kwa mikono. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama mtu mzima, alituletea miyaa, majani ya kusukia, akatufundisha kuanza ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka. Mwalimu mkuu wetu alihangaika na ukili wake mpaka chai ikapoa, na ulikuwa umepinda. Wiki iliyofuata kipindi chake cha Sanaa na Michezo hakikuazimwa na mtu. Sisemi ni kwa sababu ya ukili, nasema nilivyoona.

Wewe peleka gitaa likiwa na nyuzi nne hizohizo. Watoto hawajui zinatakiwa sita.

#13 Msomaji

Mimi niliyesema maprofesa wa bao naomba radhi kwa mzee wa Songea. Shikamoo mzee. Swali la kweli sasa: mtu asiyejua kabisa aanzie wapi, bao la kiswahili au lile jepesi la safu mbili?

#14 Mwalimu mstaafu, Songea

Marahaba mwanangu, yameisha. Anza na jepesi ujue kupanda kete bila kuruka shimo. Wengi wanarukaruka, ndiyo ugomvi wote wa vijiweni. Kisha katafute wazee wanaocheza, kaa pembeni, usiulize, tazama. Watakuita wenyewe siku mmoja wao akiwa hayupo. Utafungwa mkononi, yaani kete bado umezishika na mchezo umekwisha. Kila mtu amefungwa mkononi.

#15 Mwalimu, Kanda ya Ziwa

Haya, la mwisho. Huku kwetu komwe hazipatikani. Kokoto zinatosha au nitafute mbegu gani?

#16 Mleta uzi

Zinatosha, ila zichague ziwe za ukubwa mmoja na laini, zenye ncha zinaumiza viganja na watoto wanaanza kugombea zile nzuri. Mbegu za ukwaju pia zinafaa, ni za bure, ila hesabu kabla na baada ya kipindi kwa sababu zinaondoka mifukoni. Mashimo yasiwe marefu kuliko vidole viwili, mvua ikinyesha yanakuwa madimbwi. Na darasa la kwanza usiwape kabisa, wanaziweka puani.